Kitabu Kilisalia, Jukwaa Likabomolewa: Kamĩrĩĩthũ na Swali la Upekee wa Sanaa ya Jukwaani

Utangulizi

Si ajabu mwanafunzi wa fasihi nchini Kenya kuhitimu masomo yake akiwa amesoma tamthilia kadha wa kadha, akachambua maudhui, wahusika na mtindo wake, ilhali hajauona hata mchezo mmoja kati ya hiyo ukiigizwa. Mazoea haya yamezaa imani isiyotamkwa, kwamba tamthilia ni kazi ya fasihi sawa na riwaya, tofauti ikiwa tu kwamba katika tamthilia majina ya wasemaji huandikwa kando ya maneno yao. Kwa mujibu wa imani hiyo, jukwaa ni pambo: likiwapo ni heri, lisipokuwapo hakuna kilichopungua.

Makala haya yanaipinga imani hiyo, na yanaipinga kwa njia ya historia zaidi kuliko nadharia. Hoja ya msingi ni kwamba upekee wa sanaa ya jukwaani umo katika mkutano wa mtendaji na mtazamaji, mahali pamoja na wakati mmoja, mkutano ambao kila upande unaweza kuubadilisha mwingine kabla haujamalizika. Ushahidi mkuu utakaotumiwa ni kisa cha Kamĩrĩĩthũ, huko Limuru, kati ya mwaka 1977 na 1982. Katika kisa hicho maneno yale yale yalipata hatima mbili. Yalipotamkwa jukwaani yalipigwa marufuku, na jukwaa lenyewe hatimaye likabomolewa. Yalipochapwa kitabuni yaliuzwa madukani. Ikiwa maneno hayakubadilika, basi kilichoogopwa hakikuwa maneno peke yake. Mhakiki anayetaka kujua jukwaa huongeza nini juu ya maandishi hana budi kukichunguza kile kinachobakia baada ya maneno kutengwa kando.

Tamthilia na Mchezo: Chimbuko la Mkanganyiko

Mkanganyiko baina ya tamthilia (yaani matini) na mchezo (yaani tendo) haukuanzia katika vyuo vya Afrika Mashariki. Aristotle, katika Poetics, aliorodhesha vipengele sita vya tanzia na akakiweka kipengele cha kinachoonekana jukwaani mahali pa chini, kwa maelezo kwamba nguvu ya tanzia yaweza kuhisiwa hata pasipo onyesho wala waigizaji. Kauli hiyo imewafaa sana wahakiki wa karne zilizofuata, kwa sababu matini hukaa mezani ikasubiri kuchambuliwa, ilhali onyesho hupita likaenda zake.

Nchini Kenya mkanganyiko huo ulitiwa nguvu na elimu ya kikoloni. Katika Shule ya Upili ya Alliance, tamthilia za Shakespeare ziliigizwa mwaka baada ya mwaka, lakini heshima iliyopewa kazi hizo ilikuwa heshima ya kitabu: mwigizaji mwema ni yule aliyeyatoa maneno ya bwana mkubwa bila ya kuyapotosha. Hata hivyo, ni katika shule hiyo hiyo, katika miaka ya 1950, ambamo wanafunzi walitunga na kuigiza michezo ya Kiswahili. Nakupenda Lakini... ya Henry Kuria, iliyochapishwa mwaka 1957, ni mfano mmojawapo. Yafaa ikumbukwe kwamba michezo hiyo ilikuwa maonyesho kabla ya kuwa vitabu. Watu walicheka, wakazomea, wakapiga makofi, na baadaye ndipo mchapishaji akaja. Kwa hiyo historia ya tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya inaanzia jukwaani, ingawa hufundishwa kana kwamba ilianzia kwenye mashine ya kupiga chapa.

Wataalamu wa Afrika Mashariki waliutambua upungufu huu mapema. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walishikilia kwamba sanaa ya maonyesho huhitaji mambo manne yakutane: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Naye M. M. Mulokozi, alipoandika juu ya tanzu za fasihi simulizi mwaka 1989, aliitazama fasihi hiyo kama tukio linalowaunganisha fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Fasili hizi mbili, moja ikitokana na jukwaa na nyingine ikitokana na simulizi, zinakubaliana juu ya jambo moja kubwa: hadhira si mpokeaji anayengoja nje ya kazi ya sanaa, bali ni kiungo chake. Huko Poland, Jerzy Grotowski alifikia hitimisho linalokaribiana na hilo katika miaka ya 1960. Alivua jukwaa mapambo yake yote, moja baada ya jingine, yakiwemo maleba, taa, muziki na mandhari, na akaona kwamba visivyoweza kuondolewa ni viwili tu, mwigizaji na mtazamaji wake.

Fasili hizi, hata hivyo, zimebaki kuwa mambo ya kukaririwa katika utangulizi wa tasnifu. Ni nadra kuona zikipimwa kwa kisa halisi, na hapo ndipo Kamĩrĩĩthũ inapokuwa na manufaa ya pekee.

Kamĩrĩĩthũ, 1977

Kamĩrĩĩthũ ni kijiji kilichoundwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu katika vijiji vya kulindwa ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau. Baada ya uhuru wengi wa wakazi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Limuru, wakulima wadogo na watu wasio na kazi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 wakazi hao waliunda kituo cha elimu na utamaduni, kilichoanza kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliombwa kuandika muhtasari wa mchezo kwa lugha ya Gĩkũyũ, nao mchezo huo ukaitwa Ngaahika Ndeenda. Wasomaji wa Kiswahili wanaufahamu kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Mwelekezi alikuwa Kĩmani Gecaũ.

Kilichofuata hakilingani na desturi ya kawaida ya mwandishi kukabidhi matini nayo ikakaririwa. Usomaji wa matini, uteuzi wa waigizaji na mazoezi vilifanywa hadharani, na aliyetaka kusimama akatazama alikaribishwa. Watazamaji hawa hawakunyamaza. Wazee walisahihisha namna wahusika wazee walivyosemeshwa, wakieleza kwamba mzee wa hadhi fulani hawezi kutumia maneno fulani mbele ya mtu wa umri fulani. Wanawake waliokomaa, ambao baadhi yao hawakujua kusoma wala kuandika, ndio waliofundisha nyimbo za kujibizana za harusi ya jadi, kwani ujuzi huo haukuwa katika kitabu chochote. Wafanyakazi wa kiwandani walijadili mishahara yao na thamani ya bidhaa wanazozalisha, na mijadala hiyo ikaingia katika maneno ya mhusika mfanyakazi. Wakati siku ya kufungua ilipowadia, matini haikuwa tena mali ya waandishi wawili.

Ukumbi nao ulijengwa na wanakijiji wenyewe, baada ya kuupima umbo lake kwa kupanga njiti za kiberiti. Jukwaa lilikuwa la nusu duara, nyuma yake kukiwa na ukuta wa mianzi, na mbele yake viti virefu vya mbao vilivyopangwa kama ngazi, vyenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Hapakuwa na paa, wala pazia la kumtenga mwigizaji na mtazamaji. Jukwaa na viti vilikuwa karibu kitu kimoja. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia kwamba siku moja mvua ilinyesha mara tatu katikati ya mchezo. Kila iliponyesha watu walikimbia kutafuta pa kujikinga, na kila ilipoanuka walirudi kuketi, waigizaji nao wakaendelea pale walipokuwa wameachia. Hadhira ya namna hiyo haikuja kupoteza wakati.

Mchezo ulifunguliwa rasmi tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba mwaka huo, yaani wiki sita na siku chache baadaye, mamlaka ya wilaya ya Kiambu iliondoa leseni ya kuuonyesha. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini pasipo kufunguliwa mashtaka, na hakuachiliwa hadi tarehe 12 Desemba 1978.

Maneno Yale Yale, Hatima Mbili

Maelezo mepesi ya kisa hiki ni kwamba mchezo ulipigwa marufuku kwa sababu ya maudhui yake: unyang'anyi wa ardhi, mshahara duni, dini inayotumiwa kuwalaza maskini usingizi, na tabaka jipya la matajiri linaloshirikiana na mabepari wa kigeni. Maelezo haya yana ukweli, lakini hayatoshi. Mnamo Julai 1977, miezi michache tu kabla ya mchezo huo kufunguliwa, mwandishi yuyo huyo alikuwa amechapisha riwaya ya Petals of Blood, ambayo inawashutumu wanyonyaji hao hao kwa ukali usiopungua. Riwaya hiyo haikupigwa marufuku. Ilizinduliwa jijini Nairobi na Mwai Kibaki, aliyekuwa Waziri wa Fedha.

Maelezo ya pili, ambayo yamependwa zaidi na wahakiki, ni ya lugha. Riwaya ilikuwa ya Kiingereza na ikawafikia wachache. Mchezo ulikuwa wa Gĩkũyũ na ukawafikia wengi. Hoja hii ni nzito, na Ngũgĩ mwenyewe ameitetea kwa kirefu. Walakini, nayo ikipimwa inaacha mwanya. Mwaka 1980 matini ya Ngaahika Ndeenda ilichapishwa jijini Nairobi kwa lugha ile ile ya Gĩkũyũ, sambamba na riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ, ambayo mwandishi aliianza gerezani. Vitabu vyote viwili viliuzwa hadharani na kusomwa kwa wingi. Habari za Caitaani Mũtharabainĩ zinasema ilisomwa kwa sauti majumbani, ndani ya matatu na katika mabaa. Kwa hiyo lugha ya Gĩkũyũ ikiandamana na maudhui ya Gĩkũyũ ya tabaka la chini haikuwa, peke yake, sababu tosha ya marufuku.

Tukio la mwaka 1982 linaufunga mjadala huu. Kundi la Kamĩrĩĩthũ lilikuwa limeandaa mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, uliohusu mateso na upinzani wa wafanyakazi katika miaka ya 1930. Ulitarajiwa kufunguliwa katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho mnamo Februari 1982. Leseni haikutolewa na milango ya jumba ikafungwa. Kundi likahamia katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi likaendelea na mazoezi, na maelfu ya watu wakamiminika kuyatazama mazoezi hayo, hadi nayo yakakomeshwa. Tarehe 11 Machi serikali ilifuta usajili wa kituo cha Kamĩrĩĩthũ, na kesho yake askari waliokuwa na silaha walikuja wakalibomoa jukwaa. Zingatio la maana ni hili: siku ile mbao zilipokuwa ziking'olewa huko Limuru, matini ya Ngaahika Ndeenda ilikuwa imekwisha kuwa kitabu kwa takriban miaka miwili.

Sheria yenyewe ya wakati ule ilidokeza tofauti hii. Chini ya sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, iliyotungwa mwaka 1962 katika siku za mwisho za ukoloni na kurithiwa na serikali huru, aliyetaka kuuonyesha mchezo hadharani alipaswa kuomba leseni kwanza. Mwandishi wa kitabu hakuwa na sharti la namna hiyo; kitabu kingeweza kupigwa marufuku, lakini baada ya kuchapishwa. Ni kana kwamba mtunga sheria alijua kwamba kitabu chaweza kufuatwa dukani kikakamatwa, ilhali onyesho likishatokea halikamatiki, kwa kuwa limekwisha kuingia ndani ya watu waliokuwapo. Katika jambo hili ofisa wa utawala alikuwa na nadharia ya sanaa ya jukwaani iliyo makini kuliko ya wahakiki wengi waliokuwa wakiifundisha.

Pingamizi moja lapaswa kukabiliwa hapa. Riwaya ya Matigari, iliyochapishwa kwa Gĩkũyũ mwaka 1986, ilinyakuliwa madukani na polisi mapema mwaka 1987. Je, si kweli basi kwamba vitabu pia viliogopwa? Ni kweli. Lakini inafaa kutazama jinsi ilivyotokea. Kwa mujibu wa simulizi ya mwandishi, wakuu walipata habari kwamba kuna mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchini akiuliza maswali juu ya ukweli na haki. Waliamrisha akamatwe, wakagundua kwamba ni mhusika wa kitabuni, ndipo wakakigeukia kitabu. Riwaya haikugutusha ilipokuwa imelala kwenye rafu. Iligutusha ilipoanza kutembea midomoni mwa watu, pale mhusika wake alipodhaniwa kuwa na mwili. Mfano huu, badala ya kuibomoa hoja, unaithibitisha kwa upande wa pili.

Mkutano Wenyewe

Ni nini basi kilichomo katika mkutano wa jukwaani ambacho kitabu hakina? Kisa kilichosimuliwa kinatoa majibu matatu.

La kwanza ni wakati. Msomaji ni bwana wa wakati wake. Aweza kusita, kurudi nyuma, kufunga kitabu akaenda kula, kisha akakifungua tena. Mtazamaji hana hiari hiyo. Analipokea neno linapotamkwa, pamoja na wengine, na halitarudiwa. Tofauti hii hubadilisha maana. Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyoigizwa na kuchapishwa mwaka 1969. Katika onyesho la Kinjeketile kupandwa na Hongo, anatabiri ushindi, na katikati ya utabiri huo anasema kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Msomaji makini huona papo hapo hitilafu ya kauli hiyo, kwani huko ni kutoka mikononi mwa mtawala mmoja na kuingia mikononi mwa mwingine. Ana nafasi ya kuitilia shaka. Mtazamaji aliye ukumbini, ngoma zikilia na umati wa jukwaani ukishangilia, ana hatari ya kuchukuliwa na wimbi lile lile lililowachukua Wamatumbi. Baadaye, Kinjeketile mwenyewe anapoligundua kosa, mtazamaji hugundua kosa lake pia. Msomaji anafahamishwa kwamba watu walipumbazwa. Mtazamaji amekuwa mmoja wao. Tanzia hiyo haimo kitabuni, ila kama uwezekano.

La pili ni mwili. Mhusika wa riwaya ana sura ile ambayo msomaji anamtungia. Mwigizaji ana mwili wake mwenyewe, wenye jina na anwani. Huko Kamĩrĩĩthũ watazamaji waliwafahamu waigizaji. Kibarua aliyeigiza kibarua hakuwa akiwakilisha tabaka fulani kwa mbali. Kesho yake asubuhi angeonekana njiani akienda kazini. Maneno ya mshahara duni yakitoka kinywani mwa mtu anayelipwa mshahara duni, mbele ya majirani wanaoujua mshahara huo, hayawi tena taarifa bali huwa ushahidi. Kitabu hakina kiapo cha aina hiyo.

La tatu, na ndilo kuu, ni kwamba hadhira hujiona. Wasomaji elfu mbili ni watu elfu mbili walio peke yao, kila mmoja na ukurasa wake. Watazamaji elfu mbili ni umati unaojua kwamba ni umati. Mtu anacheka na kusikia wengine wakicheka, anahema na kuwasikia wengine wakihema. Anagundua kwamba lile alilodhani ni lalamiko lake la faraghani ni la wote. Jambo hili lilijitokeza hata kabla ya Kamĩrĩĩthũ. Mnamo Oktoba 1976, mchezo wa The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo ulipofunguliwa katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho, waigizaji waliteremka mwishoni wakiimba na kucheza katikati ya ukumbi. Watazamaji waliinuka wakajiunga nao, na ngoma ikatoka nje ya mlango. Maelekezo ya jukwaani yaweza kuandika kwamba waigizaji wanaimba. Hayawezi kuandika kwamba watazamaji watainuka. Hilo liliamuliwa na watazamaji wenyewe, usiku ule.

Uhusiano huu si mgeni kwa mtu aliyelelewa katika mila za simulizi. Anayetamba ngano huanza kwa kuita, na asipoitikiwa haanzi. Kiitikio si adabu tu, ni mkataba. Ndiyo maana Hussein katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976), na Muhando katika Lina Ubani (1984), walirudi kwenye mtambaji na masimulizi kutafuta umbo la tamthilia. Walikuwa wakiutafuta tena mkataba ambao ukumbi wa kikoloni, wenye pazia lake na kiza chake, ulikuwa umeuvunja.

Pingamizi za Wakati Huu

Yawezekana kusemwa kwamba hoja hii imepitwa na wakati. Philip Auslander, katika kitabu chake Liveness cha mwaka 1999, alidai kwamba wazo lenyewe la onyesho hai limezaliwa na teknolojia ya kunasa sauti na picha. Kabla ya kuwapo kwa kanda, hapakuwa na haja ya kusema kwamba jambo fulani ni hai. Alikuwa akijibu rai ya Peggy Phelan, aliyeshikilia mwaka 1993 kwamba onyesho huishi katika wakati uliopo tu, na likihifadhiwa hugeuka kuwa kitu kingine. Auslander ana haki katika jambo moja: uhai wa jukwaa si baraka ya kimiujiza, na si kila onyesho la hadharani lina mkutano wa kweli. Kuna michezo ambamo watazamaji huketi kama magunia. Lakini katika kisa cha Kamĩrĩĩthũ tofauti muhimu haikuwa baina ya onyesho na kanda, bali baina ya kundi linaloweza kujibu na mtu mmoja anayepokea. Kanda, hata ikitazamwa na mamilioni, haisikii ikizomewa.

Pingamizi nyingine ni nzito zaidi, nayo inatoka upande wa matini. Jukwaa lilibomolewa, waigizaji wakatawanyika, Ngũgĩ wa Thiong'o akaishi uhamishoni kuanzia mwaka 1982, na alifariki nchini Marekani mnamo Mei 2025. Kilichosalia ni kitabu. Ilipofika Mei 2022 na mchezo ule ukarudi jukwaani, safari hii katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho, kwa Gĩkũyũ na kwa Kiingereza, ni matini iliyoruhusu kurudi huko. Hili halikanushiki. Matini ni mbegu, na bila mbegu hakuna msimu wa pili. Hata hivyo mbegu si mmea. Hadhira ya Nairobi ya mwaka 2022, iliyoketi chini ya paa, si hadhira ya vibarua iliyoketi chini ya mvua mwaka 1977. Maneno yalikuwa yale yale, na mchezo ulikuwa mwingine, kwa sababu waliokutana walikuwa wengine.

Wapo wanaodhani kwamba hofu ya jukwaa ilikwisha pamoja na utawala wa chama kimoja. Mwaka 2013 mchezo wa Shackles of Doom wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere ulizuiwa kuendelea katika tamasha ya kitaifa ya drama, hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Mwaka 2025 shule hiyo hiyo ilijikuta katika mzozo juu ya mchezo wa Echoes of War, uliotungwa na mwandishi yuyo huyo, Cleophas Malala. Mahakama iliamuru wanafunzi waruhusiwe kuigiza. Tarehe 10 Aprili, katika tamasha iliyofanyika Nakuru, mwandishi alikuwa ameshikwa na polisi, na waliofika kutazama walitawanywa kwa gesi ya kutoa machozi. Wasichana waliingia ukumbini, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila ya kuigiza. Walieleza kwamba hapakuwa na hadhira ya kuigizia.

Maelezo hayo mafupi yanapaswa kuwekwa kando ya fasili za Muhando na Balisidya, ya Mulokozi na ya Grotowski. Wanafunzi hao walikuwa na matini, walikuwa na sauti na miili, na walikuwa na amri ya mahakama. Walichonyimwa ni kiungo kimoja tu, nao wakatambua kwamba kikiondolewa hicho hakuna mchezo, kuna kariri.

Hitimisho

Historia iliyofuatwa katika makala haya inaonyesha kwamba upekee wa sanaa ya jukwaani haumo katika mapambo yake wala katika ubora wa maneno yake. Umo katika mkutano unaotokea mara moja, ambamo watu wanaojuana kuwapo wanakubaliana kulitazama jambo pamoja na kulijibu. Waliolibomoa jukwaa la Kamĩrĩĩthũ walilijua hilo, na wasichana walioondoka ukumbini Nakuru walilijua pia.

Wajibu unaoliangukia somo la fasihi ya Kiswahili ni wa wazi. Tamthilia teule zinazotahiniwa katika shule na vyuo hazina budi kusomwa kama michezo inayongoja kutendwa, na uhakiki wake uulize maswali ambayo ukurasa peke yake hauyajibu: nani atausimamisha mwili wake mbele ya watu na kuyasema maneno haya, ataulizwa nini na macho yanayomtazama, na watazamaji watakuwa nani. Kadhalika, maonyesho yanapotokea, yaandikiwe uhakiki yakiwa bado katika kumbukumbu za waliokuwapo, kabla hayajasahauliwa. Mengi yaliyotendeka Kamĩrĩĩthũ yanajulikana leo kwa sababu mmoja wa wahusika alikuwa mwandishi mahiri aliyeyasimulia. Michezo mingi ya Kiswahili iliyoigizwa katika kumbi za shule, makanisa na masoko ya nchi hii haikupata bahati hiyo. Vitabu vyake vipo maktabani, na mikutano yake imepotea. Idara inayohakiki vitabu hivyo na kuisahau mikutano hiyo itakuwa imekubali, pasipo kuamriwa na mtu, mpaka ule ule uliowekwa na leseni ya mwaka 1977: kitabu kiruhusiwe, jukwaa linyamaze.